Maji kwa Miguu ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alisafiri kutoka Asembo Bay mpaka Kisumu miguu ikiwa ndani ya maji, na dereva alikuwa mimi.

Sikujua. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia hii habari wananiangalia vile mtu huangalia mbwa aliyekula mayai. Sikujua, na hata ningetaka kujua, njia haikuwa. Kwetu Waluo, mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamsalimiani kwa mkono, hamli meza moja, hawezi kulala kwa nyumba yako, na ukimwona anakuja kwa njia unapata ghafla kazi ya kufanya kwa kichaka. Sio chuki. Ni heshima, na heshima yetu ni nzito kama gunia la simiti. Siku hizi kuna vijana wanapiga selfi na mama wakwe wao, lakini wangu ni mama wa zamani, na mimi naye ni mwoga.

Sasa huyo mama ndiye nilikuwa naye ndani ya gari. Yeye nyuma, upande wa kushoto, bibi yangu mbele yake, mimi kwa usukani. Na ile kioo ya katikati ya kuangalia nyuma nilikuwa nimeigeuza ikaangalia juu, ndio macho yetu yasikutane kwa bahati mbaya. Safari yote nikiinua macho naona tu vile paa ya gari yangu imechafuka. Polisi akinisimamisha ningemwambia nini? Kwamba, afande, nimebeba mama mkwe?

Tulikuwa tunampeleka mjini kufanyiwa operesheni. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, yule mtoto asiyeitwa kwa jina na asiyefurahisha mtu. Daktari alisema watafanya la kushoto kwanza, halafu baada ya wiki kadhaa la kulia. Na kwa sababu hawezi kulala kwetu, kila jicho lilikuwa safari mbili: unampeleka, anafanyiwa, unamrudisha nyumbani, kesho yake unamchukua tena afunguliwe bandeji. Gari za abiria zilikatazwa, jicho bichi halitaki vumbi na kusukumana. Kwa hivyo hii gari yangu, nyeupe, ndefu nyuma, yenye umri wa kuitwa baba, ndiyo ilikuwa nusu ya matibabu.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu tulipoamka. Tulifika, bibi yangu akampeleka ndani, mimi nikabaki kwa maegesho nikijipongeza vile nimeendesha vizuri. Baadaye bibi yangu akatoka ameshika viatu vya mamake, vile vyeusi vya kwenda kanisa. Akaviinamisha. Maji yakamwagika.

Nikamuuliza kama wamemwosha miguu huko ndani.

"Haya ni maji ya gari yako," akasema.

Nilifungua mlango wa nyuma nikaweka mkono kwa kapeti. Juu palikuwa na unyevu tu. Nilipofinya, maji yakapanda katikati ya vidole vyangu, ya kahawia, yananuka soksi na samaki wa juzi. Mama alikuwa amekaa hapo tangu Asembo, anainua miguu anachoka, anairudisha. Hakusema neno. Utamwambiaje mkwe wako gari yake inavuja? Ni kama kumwambia mtu uso wake umekaa vibaya. Amekubeba bure, na wewe unaanza kumkagua.

Kurudi, bibi yangu aliazima kreti ya soda kwa duka moja, akaigeuza, mama akaweka miguu juu yake kama malkia. Kesho yake hivyo hivyo. Bandeji ilitolewa, jicho likaona, watu wakamshukuru Mungu. Halafu bibi yangu akaniletea ujumbe, kwa sababu sisi wawili ujumbe wetu wote hupita kwake. Mama anasema asante sana. Mama anasema Mungu akubariki. Mama anasema jicho moja linamtosha, la pili waliache tu.

Nilichukua muda kuelewa. Kabla sijajua habari ya maji, mama alikuwa tayari kukaa ndani yake mpaka macho yote mawili yapone. Shida ilianza nilipojua. Sasa alikuwa mama mkwe aliyemwaibisha mkwe wake, na akipanda tena ni kama anakuja kuangalia kama nimetengeneza. Kwa sababu ya hiyo aibu yangu ndogo, alikuwa anataka kubaki na giza upande mmoja.

"Basi mtafutie gari ingine," nikamwambia bibi yangu.

"Akipanda gari ya mtu mwingine na wewe uko na gari, hapo ndio atakuwa amekutukana kabisa."

Kwa hivyo ilikuwa hivi: gari ikauke, au jicho lipotee. Na mvua ya masika ndio kwanza ilikuwa imeingia, zile mvua za Kisumu zinazokuja mchana kutoka upande wa Nandi kama mtu anayedai haki yake.

Hapa lazima niseme kazi yangu, ndio mnicheke vizuri. Mimi nauza magodoro, pale soko la Kibuye. Nimeuza magodoro tangu niache shule kidato cha pili, mimi na hesabu tulikosana na hakuna mzee alikuja kutupatanisha. Kila wiki mama fulani huniuliza afanye nini na godoro ambalo mtoto amekojolea, na kila wiki namwambia, kwa sauti ya profesa: mama, usidanganyike na juu. Godoro hukauka juu, chini ni bahari. Na maji hayalali pale yalipoingilia, hutembea. Nimesema hayo maneno mpaka ningeweza kuyasema nikiwa usingizini. Halafu yakaja kwa gari yangu, nikasahau yote, nikaanza kutibu juu.

Kwanza nilifungua milango yote nikaacha jua liingie. Juu pakakauka. Nikafurahi. Asubuhi vioo vyote vilikuwa na ukungu kwa ndani, nikaendesha nikifuta na kiganja kama mtu anayeaga meli.

Halafu nikakumbuka simu ikianguka kwa maji unaiweka kwa mchele. Kama simu inapona, gari itashindwa? Nikanunua mchele wa Ahero, nikaumwaga pale chini nyuma. Mchele ulivuta maji, siwezi kuudharau. Ulivuta mpaka ukafura. Pia ulivuta panya. Bibi yangu alipouona akauliza kama nangoja uive ndio niongeze nyama.

Halafu fundi mmoja wa kando ya barabara akaniambia maji ya nyuma yanaingilia mlango wa nyuma, raba zimezeeka. Ilikuwa na maana. Maji yako nyuma, basi mlango wa nyuma. Nikanunua silikoni, ile ya kuziba sinki, na kwa sababu mimi kitu nikikipenda sikipimi, nikazungusha milango yote miwili ya nyuma vizuri kabisa. Ilipokauka milango ikakataa kufunguka. Kwa siku kadhaa bibi yangu akitaka kuweka mzigo kwa siti ya nyuma alikuwa anapitia mbele, anapanda juu ya siti kama mwizi, na njia yote ananiita injinia.

Mvua ikanyesha. Maji yakarudi pale pale.

Jioni moja bibi yangu alimpigia mamake kumjulia hali. Mimi nilikuwa kando, nakata silikoni na kisu kutoka kwa mlango. Simu haikuwa kwa spika, hiyo isingewezekana, mama angejua niko hapo na angenyamaza. Waliongea habari ya kuku, ya jirani, ya matone ya dawa. Nikamnong'oneza bibi yangu amuulize habari ya maji. Akanikunjia uso. Nikanong'ona tena.

"Mama," akasema kwa simu, kwa Kiluo, sauti tamu kama ya mtu anayeazima chumvi, "ile siku kwa gari, yale maji yalikuwa yanatoka wapi?"

Akasikiliza. Akafunika simu na mkono. "Anasema hajasema gari inavuja."

"Mwambie haivuji."

"Haivuji, mama. Inajulikana haivuji. Sasa hayo maji ambayo hayakuvuja, yalikuwa yanakujia kutoka upande gani?"

Halafu bibi yangu akaanza kuitikia, mm, mm, na macho yake yakawa makubwa. Mama alikuwa anaeleza. Alisema mlango ulikuwa mkavu, alikuwa ameuegemea na sweta yake na sweta haikulowa. Alisema maji yalikuwa yanakuja na kuondoka. Gari ikipanda mlima yanamjia miguuni, ikishuka yanaenda mbele, anapumzika kidogo. Kila mlima. Alikuwa amezoea mpaka akisikia gari inabadilisha gia anajua sasa yanakuja, anainua miguu.

Bibi yangu alikata simu, tukaangaliana. Ukipanda, kitu cha mbele hurudi nyuma. Kujua hiyo hata kidato cha pili si lazima ufike. Maji yalikuwa yanaingia mbele, yanatembea chini ya kapeti, na kwenda kulala nyuma kwa mama. Na mimi nilikuwa nimeadhibu milango isiyo na hatia.

Niliangalia kisu changu, nikaangalia silikoni. Bibi yangu akaanza kucheka, lakini katikati kicheko kikamgeuka. Akasema, polepole, "Kila mlima." Kutoka Asembo mpaka Kisian milima sio michache.

Jumapili baada ya kanisa tuliifungua gari kama samaki. Nikatoa siti ya mbele ya kushoto. Nikapiga goti juu ya kapeti nikaegemea kwa uzito wangu wote, vile ninavyomwonyesha mteja godoro zito, na maji yakatoka pembeni yakaja kunisalimia kwa suruali. Chini ya kapeti kulikuwa na sponji, nene, nyeusi. Sponji. Mimi mwuza sponji.

Lakini bado hatukujua yanaingilia wapi. Kwa hivyo bibi yangu alilala chali pale chini mbele, kichwa chini ya dashibodi, tochi ya simu mkononi, amejifunga leso kichwani. Mimi nikasimama nje na ndoo na jagi. Nikamwaga kwa mlango. Akasema hakuna. Nikamwaga kwa paa. Hakuna. Nikamwaga juu ya kioo cha mbele, maji yakashuka mpaka pale waipa zinalala.

"Hakuna," akasema. "Hakuna. Endelea. Hakuna. Ngoja." Nikaona tochi inasogea. "Tone limeniingia kwa sikio."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka pale feni inapumulia. Ongeza. Basi, basi, baba, nimesema basi, unataka kunibatiza mara ya pili?"

Nikafungua ile plastiki nyeusi iliyo chini ya waipa. Hapo Kibuye mimi huegesha chini ya mti wa zambarau, kivuli kizuri, najisifu nacho. Chini ya ile plastiki kulikuwa na majani ya huo mti, ya miaka, yameoza yakawa udongo mweusi mzuri ambao hata kwa shamba la babangu hakuna. Katikati ya udongo, mche wa zambarau ulikuwa umeota, majani mawili, yenye afya. Nilikuwa nazunguka mji na shamba bila hati. Mvua ikinyesha, maji yanatakiwa kushukia kwa tundu pale pembeni yaende chini nyuma ya gurudumu. Tundu lilikuwa limezibwa na hilo shamba. Maji yakikosa njia yanajaa, yakijaa yanaingia pale feni inavutia hewa, na kutoka hapo yanakwenda kumtafuta mama mkwe.

Nilichimba na kijiko, nikachokoa tundu na waya wa hanga. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili kitu kikalegea, na maji yote yakashuka kwa kishindo nyuma ya gurudumu, yakanilowesha viatu. Bibi yangu akatoa kichwa nje, leso imelowa, uso una matope, akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni maji yanakwenda nyumbani. Tukakaa chini hapo hapo tukacheka mpaka jirani akachungulia kwa ua kuona kama tumegombana.

Kukausha sponji ya gari hakuna tofauti na kukausha godoro, sasa hapo nilikuwa nimerudi kwa somo langu. Tuliikanyaga, mimi na yeye, tumeshikana mabega kama watu wanaocheza kwa harusi, maji yakitoka kahawia, halafu ya chai, halafu meupe. Kapeti tukaianika kwa ua. Tukikaa kidogo wingu linatokea, tunakimbia nazo ndani. Jua likirudi, tunazitoa. Wageni waliokuja siku hizo walikaa sebuleni na kapeti ya gari. Bati la chini la gari nililipangusa, nikaliacha wazi, nikaweka bakuli la makaa pale ndani, makaa makavu bila moto, yavute unyevu na harufu. Sikurudisha kitu chochote mpaka nilipoweka sponji shavuni na kusikia joto tu, vile mama husikia kama nguo ya mtoto imekauka.

Ikabaki kujaribu. Siku mvua kubwa ilipokuja, nilimpa bibi yangu ufunguo. Nikavaa soksi nyeupe, bila viatu, nikaenda kukaa nyuma, upande wa kushoto, mahali pa mama. Tukatoka kuelekea Kisian, tukapita tukapanda upande wa Holo, mvua ikipiga paa mpaka hatusikizani.

"Maro, uko sawa hapo nyuma?" bibi yangu akaniuliza. Maro ni mama mkwe.

Nilikuwa nimekunja mikono kwa mapaja kama yeye.

"Huyu maro ana heshima sana," akasema.

Mwanzoni ilikuwa mchezo. Halafu tukaanza kupanda kilima, gia ikashuka, gari ikaguna, na miguu yangu ikajiinua yenyewe. Maji hayakuja. Lakini nilikaa vile, miguu juu, magoti karibu na kidevu, nikaona vile huko nyuma ni mbali. Unaona tu kichogo cha dereva. Kichogo hakiulizi mtu kama yuko sawa. Nilifikiria mama wa umri ule, macho yana ukungu, anahesabu milima kwa masikio, na mbele yake kichogo changu kinapiga mluzi. Maana nilikuwa napiga mluzi siku ile. Nakumbuka vizuri.

Tulipofika juu bibi yangu akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida kama kuna maji. Nikapapasa soksi. Nikamwambia ni kavu.

Nilitaka tumtumie mama zile soksi, kama ushahidi.

"Unataka nimpelekee mamangu soksi zako?" akasema. "Wewe shule ulikimbia mapema kweli."

Alimpigia simu tu, akamweleza. Hakusema gari imetengenezwa, kwa sababu haikuwa imevuja. Alisema tu kwamba mimi mwenyewe nilikaa pale nyuma, mvua ikinyesha, mpaka Holo na kurudi, nimevaa soksi bila viatu, na soksi zikarudi kavu. Mama akauliza kama ni kweli nilikaa mahali pake. Ndiyo, mama, pale pale. Akauliza kama nilikunja miguu. Bibi yangu akasema nilikunja mwanzo, halafu nikaishusha. Basi mama akasema daktari aambiwe anakuja.

Siku ya jicho la pili ilinyesha tena, bila shaka, mvua ya Mungu haina ratiba ya hospitali. Sikupiga mluzi. Kila kilima nilipunguza mwendo, nikasikiliza nyuma kwa masikio yote mawili. Hapo karibu na Kombewa bibi yangu aligeuka, akaangalia, akageuka mbele tena. Akaniambia pole pole kwamba mama amelala. Miguu iko chini.

Kesho yake alifunguliwa bandeji, tukamrudisha nyumbani. Mvua ilikuwa imeisha, ziwa linang'aa kule chini nyuma ya migomba. Bibi yangu aliingia ndani kuwasha moto wa chai. Mimi nilibaki kwa lango kando ya gari kama inavyotakiwa, macho kwa tairi, nikingoja tuondoke. Mama alikuwa amesimama kwa veranda na ile miwani nyeusi ya hospitali. Alikuwa anaangalia. Niliona kwa pembe ya jicho vile kichwa chake kinakwenda polepole, kutoka kwa kuku mpaka kwa ua, kutoka kwa ua mpaka kwa gari, kutoka kwa gari mpaka kwangu. Alikuwa hajawahi kuniona vizuri, mimi. Ukungu ulikuja kabla yangu.

"Ora," akasema. Ndivyo tunavyomwita mkwe.

Hakukuwa na mtu katikati yetu. Nikaangalia tairi zaidi.

"Yale maji," akasema, "hayakuwa baridi sana."

Nikamwambia asante, Mama. Akaingia ndani kunywa chai.